Mota iliyokula chumvi ya Shela

Swali:

"Shikamoo fundi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mdogo wangu wa miaka 13 aliletewa gari la rimoti na mjomba wetu kutoka Maskati, si jipya, la matairi makubwa nyuma. Mwezi mzima amekuwa akilipeleka ufukweni Shela. Sasa halina nguvu, linanuka kama waya ulioungua, ndani ya mota zinaonekana cheche za buluu, na mara nyingine haliondoki mpaka ulisukume kwa mkono. Mota ni kopo la chuma lenye matundu ubavuni, nyuma ina plastiki nyeusi, na sioni skrubu ya kuifungulia. Jirani ametuambia tuichovye kwenye petroli, kisha tuimiminie mafuta ya nazi. Tufanye hivyo, au mota imekufa?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Petroli irudishe kwenye boti na mafuta ya nazi yarudi jikoni. Kwa dalili ulizonipa, mota hiyo naona haijafa. Imekula chumvi, na si kwa maana ya yule mzee aliyeona mengi.

Kazi yangu hapa Malindi ni stata za tuktuk, mota za blenda na pampu za maji. Magari ya rimoti huletwa mara moja moja, mengi wakati wa likizo za shule. Lakini stata ya tuktuk na mota ya mdogo wako ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili ni kaboni inayosugua shaba. Ukishaelewa mahali hapo pa kusugulia, mengine yote ni nyongeza.

Ndani ya kopo kuna sumaku mbili zilizopinda, zimeshikamana na ukuta. Katikati inazunguka amecha, yaani shafti yenye vichwa 3 vya chuma vilivyozungushiwa waya wa shaba wenye vanishi. Nyuma ya amecha, upande wa ile plastiki nyeusi, pana komyuteta: kipande cha mviringo cha shaba, kidogo kuliko ncha ya kidole chako, kilichokatwa pande 3. Kaboni mbili zinakibana huku na huku, kila moja ikisukumwa na springi yake. Umeme unaingia kwa kaboni hii, unapita kwenye shaba na waya, unatokea kwa kaboni ile.

Mota za magari ya ukubwa huo nyingi ni zile zinazoitwa 540. Kopo lake lina upana wa milimita 36 hivi na shafti ni milimita 3.17. Ikipewa volti 7.2 bila mzigo, ile ya kawaida inazunguka kama mara 15,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 250 kwa sekunde, na kila mzunguko kaboni inavuka nafasi 3 kwenye shaba. Kaboni moja basi inaruka mara 750 ndani ya sekunde moja. Sasa tia chembe ya mchanga hapo.

Hilo la kusukuma ndilo lililonipa matumaini. Komyuteta ina pande 3 tu. Upande mmoja ukipakwa uchafu au kutu ya kijani, kila amecha inaposimama kaboni ikiwa juu ya upande huo, umeme hauna njia. Ukilisukuma gari, shaba inasogea, upande msafi unafika chini ya kaboni, mota inashtuka na kuondoka. Ikishachanganya, kasi yake inaivusha pale pabovu. Mota iliyokatika waya nayo hufanya hivyohivyo, nitakueleza mbele jinsi ya kuzitofautisha. Lakini kwa mota iliyoshinda Shela mwezi mzima, mimi naanza na uchafu.

Harufu ndiyo inayonitia wasiwasi. Washa tochi ya simu, mulika kwenye matundu ya ubavuni, huku ukizungusha shafti polepole kwa vidole. Waya za amecha zikiwa na rangi ya asali au nyekundu ya shaba, ni nzima. Zikiwa nyeusi na vanishi inabambuka kama ngozi ya samaki aliyeungua, basi hakuna dawa. Nenda moja kwa moja mwisho wa jibu hili, kwenye habari za kununua.

Kabla ya kuosha, nieleze adui ni nani, maana wengi hulaumu mchanga peke yake. Mchanga ni adui mdogo. Unakwaruza shaba na kula bushi, yaani pete zinazoshika shafti, lakini unatoka kwa brashi. Isipokuwa ule mweusi. Huku kwetu, ukienda upande wa Mambrui utaona michirizi myeusi kwenye mchanga. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunike kwa karatasi, uipitishe juu ya michirizi hiyo: itatoka imeota ndevu. Sasa fikiria mota yenye sumaku mbili kubwa inapita hapo ikivuta hewa kupitia matundu yake. Mchanga wa Shela ni mweupe zaidi, lakini fanyeni jaribio hilo palepale anapochezea. Mtoto akishaziona zile ndevu, hutahitaji kumkumbusha tena kupangusa.

Adui mkubwa ni chumvi, na kazi yake haifanyi gari likiwa linakimbia. Inaifanya usiku, gari likiwa limewekwa chini ya kitanda. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Lamu haipungukiwi unyevu, iwe kusi iwe kaskazi. Ule unyevu wenye chumvi unakaa juu ya shaba, unaila na kuacha ukoko. Asubuhi mtoto anawasha gari, kaboni inapanda juu ya ukoko, cheche zinakuwa kubwa, cheche zinachoma shaba, shaba iliyochomeka inatoa cheche zaidi. Ndivyo mota nzuri inavyokufa ndani ya mwezi.

Haya, kazi.

Chomoa betri kwanza, iweke mbali kabisa na mahali mnapofanyia kazi. Piga picha ya waya za mota kwa simu, ili nyekundu na nyeusi zirudi zilipotoka. Zikigeuzwa, gari litakwenda kinyume. Mota inashikwa na skrubu mbili upande wa mbele, pale penye gia ndogo. Hiyo gia ndogo nayo ina skrubu ndogo mno pembeni inayofunguliwa kwa ufunguo wa alen. Ufunguo uwe saizi yake hasa, maana ukishakwangua tundu la ile skrubu utakaa nayo siku nzima. Ukiitoa gia, kagua shina la shafti. Ufukweni pametapakaa vipande vya mshipi wa kuvulia, na mshipi mwembamba hujiviringa hapo ukajibana hadi kwenye bushi. Nimewahi kutoa uzi mrefu kuliko mkono wangu kwenye mota moja, mwenyewe akiapa kwamba betri ndiyo mbovu.

Anzeni na ukavu. Kwa brashi laini ya rangi au mswaki wa zamani, pangusa nje na kwenye matundu, mota ikiwa imeinamishwa ili kinachotoka kianguke chini. Pampu ya baiskeli inafaa kupulizia. Kompresa ya gereji siipendi kwa kazi hii: ina nguvu kupita kiasi na nyingi hutema maji, kwa hiyo mchanga uliokuwa mlangoni unasukumwa hadi kwenye kaboni.

Halafu maji. Ndiyo, maji, usishtuke. Chumvi haiyeyuki kwa petroli wala kwa spiriti kali. Inayeyuka kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usitumie ya kisima cha mjini, vingi vyake vina chumvi. Maji ya mvua yaliyotegwa vizuri yanatosha, au maji ya betri, yale masafi ya kuongezea kwenye betri za sola. Soma chupa vizuri au muulize muuzaji, kwa sababu asidi ya betri nayo inauzwa kwenye chupa zinazofanana. (Tukiwa hapo: vile vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wenu. Mtoto anacheza juu ya tangi la maji huku mota yake inakufa kwa chumvi.) Tia maji kwenye bakuli, zamisha mota, zungusha shafti kwa vidole mara hamsini, mwaga, tia mengine. Mkifika bakuli la tatu, maji yasiwe tena na weusi mwingi.

Utasikia pia kwamba wenye mchezo huu huizungusha mota mpya ndani ya glasi ya maji kwa betri ndogo, ili kaboni zikae sawa na shaba. Ni kweli wanafanya, na kaboni hukaa sawa haraka. Mimi huku pwani siwashauri watu. Maji yanafukuza oili yote kwenye bushi, na atakayesahau kuirudisha atapata shafti yenye kutu wiki hiyohiyo.

Baada ya maji, yafukuze maji. Usitafute mbali, nenda kwa mafundi wa simu. Wale husafishia bodi za simu kwa spiriti iitwayo aisopropili, na wengi wana kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia sakiti, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Moja kati ya hizo inatosha. Pulizia au mimina kidogo kwenye matundu ya nyuma, karibu na kaboni, zungusha kwa vidole, iache ichuruzike juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kitakuonyesha mengi: weusi laini kama wa masizi ni unga wa kaboni, huo ni wa kawaida, ukiona vumbi linalometameta, ni shaba inayoliwa. Tina ya rangi usiiguse, inaweza kuyeyusha vanishi ya waya na hata plastiki. Mafuta ya taa yanasafisha lakini yanaacha utando. Na WD-40, ambayo kila duka linayo, kazi yake ya asili ni kufukuza maji, jina lenyewe linatokana na hilo. Gari likitumbukia baharini na huna kingine, ipulize kuokoa jahazi. Lakini inaacha mafuta, na mafuta juu ya shaba hushika unga wa kaboni yakawa uji mweusi unaopitisha umeme mahali usipotakiwa. Kwa hiyo ukiitumia, lazima uisafishe tena.

Nazi ni hivyohivyo, tena vibaya zaidi: ikikaa inanata. Na petroli ninayo sababu yangu ya kuichukia. Nikiwa mwanagenzi, mwaka wa pili, niliimwagia petroli stata iliyokuwa inazunguka juu ya meza, nikitaka kuonekana hodari mbele ya mwenye gari. Cheche moja tu. Nyusi zangu zote mbili zilikwenda, na fundi wangu alinizima kwa gunia lililolowa. Kaboni inatoa cheche kila inapozunguka, hata ikiwa nzima. Kwa hiyo chochote kinachowaka, spiriti ikiwemo, kinaingia mota ikiwa imesimama, nje ya nyumba, mbali na jiko. Kisha subirini kavukavu, nusu saa kwenye upepo, ndipo mguse betri. Msiianike kwenye jua kali juu ya bati. Kivulini penye upepo panatosha.

Ikishakauka, fanya jaribio la kidole. Zungusha shafti taratibu. Mota hii ina sumaku mbili na vichwa 3, kwa hiyo katika mzunguko mmoja utahisi inakwama na kuachia mara 6, kwa nguvu zinazolingana. Ikikwaruza, kuna mchanga bado. Vuta shafti mbele na nyuma: kucheza kidogo ni kawaida. Isukume kulia na kushoto: hapo isicheze, ikicheza bushi imelika.

Sasa oili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Ulichokiosha si uchafu peke yake, umeosha na oili iliyokuwa kwenye bushi mbili zinazoshika shafti, mbele na nyuma. Bushi hizi hutengenezwa kwa unga wa shaba uliobanwa, zina vitundu visivyoonekana vinavyofyonza oili kama sponji. Zikikaa kavu, mota italia kama panya na kupata joto. Tumia oili ya cherehani. Mama yeyote anayeshona hapo Langoni anayo. Ivute kwenye bomba la sindano. Tone moja mbele, pale shafti inapotokea. Tone moja nyuma, katikati ya plastiki nyeusi. Zungusha, subiri dakika chache, pangusa iliyozidi. Mawili tu, mwanangu. Tone la tatu halibaki kwenye bushi, linatembea na shafti mpaka kwenye komyuteta, na mtarudi kule mlikotoka.

Kisha iamsheni polepole. Betri mbili kubwa za tochi zilizounganishwa kwa kufuatana zinatoa volti 3. Gia ndogo ikiwa bado imetolewa, ishikeni mota kwa kitambaa na muiache izunguke dakika 15 hivi. Chaja ya simu msiitumie, mota inapoanza inavuta umeme mwingi kuliko chaja nyingi zinavyoweza kutoa. Mulika kwenye matundu. Cheche ndogo zinazokaa chini ya kaboni ni za kawaida. Ukiona pete ya moto inayozunguka shaba nzima, zima.

Ikianza vizuri kila mara, popote ulipoisimamisha shafti, basi ilikuwa uchafu. Ikikataa bado, pima. Mita ya bei rahisi inatosha. Mota ikiwa haina umeme wowote, waya zake zimetolewa kwenye gari, weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za mota, zungusha shafti kidogo kidogo. Namba itakuwa ndogo, mara nyingi chini ya omu 1, ikichezacheza. Hilo sawa. Lakini ikifika mahali mita inaonyesha hakuna njia kabisa, na kila mzunguko inarudia palepale hata baada ya kuosha mara ya pili, hapo waya umekatika au umebanduka kwenye komyuteta. Kwenye stata ningefungua nikapiga lehemu. Kopo la aina yenu limekunjwa meno ya chuma juu ya plastiki. Ukiyainua mara moja yanaweza kukubali kurudi, mara ya pili yanavunjika. Mimi nisingelifungua.

Mkija kupata mota ya aina nyingine, yenye skrubu mbili nyuma na kaboni zinazoonekana nje chini ya springi zake, hiyo ni ya kufunguliwa. Kaboni inabadilishwa kabla waya wake haujaanza kugusa kibweta cha shaba inamokaa, na springi iliyogeuka rangi kwa joto nayo inatupwa. Komyuteta husuguliwa kwa ufutio mgumu wa kalamu ya wino, na nafasi kati ya pande zake huchokolewa kwa kijiti cha meno cha mbao. Msasa wa kusugulia mlango hauna ruhusa hapo. Shaba ikiwa ya kahawia laini, kama chai ya rangi, iacheni, hiyo ndiyo afya yake. Wengi huisugua mpaka ing'ae wakidhani wamesaidia.

Kuhusu kucheza. Simkatazi mtoto Shela, ningekuwa na umri wake ningelala hukohuko. Lakini mchanga mkavu uliolegea unaikaba mota: matairi yanazama, amecha inakaribia kusimama huku umeme umejaa, na mota iliyokabwa huvuta makumi ya ampea. Nadhani harufu yenu imetoka hapo. Mchanga mgumu wa maji yaliyokupwa ni mwepesi kwa mota, ila unarusha maji ya chumvi. Mimi ningechagua sehemu ya kati, iliyokwisha kukauka lakini bado ni ngumu. Mkunguni mbele ya ngome pana sakafu nzuri, ila jioni pana watu na punda, na nywele za punda nazo zinajua njia ya kwenda kwenye shafti. Soksi nyembamba ya kike, tabaka moja, inaweza kufungwa juu ya matundu ichuje vumbi. Tabaka mbili zinaizuia hewa na mtaipika mota.

Baada ya betri moja kuisha, mguse kopo. Kidole kikishindwa kukaa sekunde 3, mota ipumzike robo saa kabla ya betri ya pili. Ikiwa inafika hapo kila mara hata kwenye sakafu, basi gia ndogo ni kubwa mno kwa gari hilo, au gia mbili zimebanwa sana. Mnaporudisha mota, wekeni kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisukumeni zikutane, kazeni skrubu, kisha zungusheni karatasi itoke. Itoke na alama za meno lakini bila kuchanika.

Na kila jioni akitoka ufukweni, kabla ya gari kwenda chini ya kitanda: brashi kavu, kitambaa kilicholoweshwa maji matamu kwenye kopo na ncha za waya. Kagua vile vidude vidogo vya mviringo vilivyounganishwa kwa lehemu kwenye kopo, vya kahawia au buluu. Ni kapasita za kuzuia mota isisumbue mawimbi ya rimoti, na miguu yake ikikatika kwa kutu gari huanza kugeuka lenyewe. Gari likilowa maji ya bahari, bakuli la maji lisingoje asubuhi. Oili, tone lilelile moja kila upande, kila baada ya kuosha.

Kama mota ni ya kuzikwa, mtakayemtuma Mombasa au mjomba huko Maskati apewe ile ya zamani aende nayo mkononi. Aombe 540, shafti 3.17, na mizunguko ya waya 27 au karibu na hapo. Muuzaji atamsifia yenye mizunguko michache, 15 au hata pungufu, kwamba ni kali. Ni kali kweli, na inavuta umeme ambao kile kidhibiti cha mwendo kwenye gari lenu huenda hakikutengenezewa, mtaunguza viwili badala ya kimoja. Na ile gia ndogo ibakini nayo nyumbani, mota mpya nyingi huja bila gia.